Mayai Manne ya Stesheni

Injili ya Jumapili hii inatupeleka kwenye barabara ya Yeriko, na sisi wahubiri tuna mazoea ya kumsifu Msamaria hadi tunamsahau mwenye nyumba ya wageni. Huyu alipokea majeruhi asiyemjua, dinari mbili, yaani ujira wa siku mbili, na ahadi kwamba kitakachozidi kitalipwa safari ya kurudi. Hakudai rehani wala mdhamini.

Kilichonikumbusha mtu huyu ni reli. Sisi wa Malakisi tukitaka stesheni huenda Bungoma. Treni ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini njia ya huku kwetu ni ile iliyochepuka Nakuru: ikafika Eldoret mwaka 1924, ikapita Webuye na Bungoma, ikavuka Malaba na kuingia Kampala mwaka 1931. Kitale walipata tawi lao kutoka Leseru.

Miaka ya mwanzo treni haikuwa na behewa la chakula. Ilisimama Voi au Makindu, abiria wakashuka kula kwenye bangalo za reli. Abiria gani? Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu letu, na meza zile hazikuandaliwa kwa ajili ya daraja la tatu. Hoteli yetu ilikuwa dirisha la behewa. Chini yake walisimama akina mama na mabeseni: mayai ya kuchemsha, ndizi, mahindi ya kuchoma, chumvi imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Wanaosimulia habari za reli hupenda kuhesabu madaraja na mahandaki, mabeseni hayahesabiwi.

Kukhu (yaani bibi) mmoja wa kanisani kwetu aliuza mayai pale Bungoma akiwa msichana, kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Ananiambia biashara ile ilikuwa ya imani. Unampa mtu chakula kwanza, anapekua mfuko, filimbi inalia, nawe unakimbia sambamba na behewa mkono juu. Mara nyingi sarafu ilianguka kwenye kokoto, ukaitafuta. Siku moja kijana alichukua mayai manne, treni ikaondoka, akapaza sauti kwamba atalipa akirudi kutoka Kampala.

Siku hizi yanayopita pale kuelekea Malaba ni hasa mabehewa ya mizigo, na reli mpya, ile ya SGR, iliishia Naivasha mwaka 2019. Kukhu hana tena anayemngojea stesheni. Hata hivyo tukipita Bungoma kwa matatu hugeuza shingo kutazama upande wa reli, kisha hucheka mwenyewe.

Nilimuuliza kama yule kijana alirudi. Akaniuliza naye: Padri, na yule Msamaria, alirudi? Nilifungua Luka sura ya kumi, nikasoma tena hadi mwisho. Luka hakuandika.