Mwenye Kuchanga Anadai Nini?

Filamu ya Manthan, aliyoiongoza Shyam Benegal na iliyotoka mwaka 1976 huko India, ililipiwa na wafugaji 500,000 wa jimbo la Gujarat, kila mmoja akitoa rupia 2. Hao walikuwa wanachama wa vyama vya ushirika vya maziwa, nayo filamu ilihusu jinsi ushirika wa namna hiyo unavyozaliwa kijijini. Hata jina lake maana yake ni kusukasuka maziwa. Mwanzoni, mahali tulipozoea kusoma jina la tajiri, imeandikwa kwamba wanaoileta filamu hiyo ni wakulima 500,000 wa Gujarat. Ilipoanza kuonyeshwa, walikuja kwa malori kuitazama.

Ndugu msomaji, najiuliza: walikuja kutazama mali yao, au zawadi waliyoitoa?

Anayekopesha anadai alichokitoa. Mwenye hisa anadai fungu la faida, na hasara ikija ni yake pia. Mchangaji je? Wengi watanijibu upesi kwamba hadai kitu. La hasha! Nikichangia harusi ya jirani, nakula pilau na kurudi nyumbani, wala siulizi kama zawadi za bwana arusi zimezidi gharama. Lakini siku mwanangu akioa, au siku nikifiwa, jirani huyo ataonekana mlangoni kwangu. Mchango una marejeo yake, ila marejeo hayo ni zamu, hayahesabiki kwa shilingi.

Ndiyo maana habari ya Marekani inanitatiza. Mwezi Machi 2013 Rob Thomas, mtungaji wa mchezo wa televisheni uitwao Veronica Mars uliokoma mwaka 2007, aliwaomba wapenzi wa mchezo huo wachangie filamu yake kwa njia ya intaneti, katika mtandao wa Kickstarter. Aliomba dola milioni 2. Akapata zaidi ya milioni 5.7 kutoka kwa watu zaidi ya 91,000. Aliyetoa dola 35 aliahidiwa fulana, mswada na nakala ya filamu yenyewe. Haki miliki ilikuwa ya Warner Bros., kampuni tajiri, wala wachangaji hawakuwa na fungu katika faida. Wapo waliosema huo ni unyonyaji. Mimi siendi mbali hivyo, kwani mtu mzima aliyeambiwa waziwazi kwamba atapata fulana, akaipata, hakudhulumiwa. Hata hivyo, kampuni ile haitafika msibani kwa yeyote kati ya hao 91,000. Neno mchango limeazimwa na asiyekusudia kushika zamu.

Wengine husema dawa ni kuuza hisa, kama walivyofanya watengenezaji wa The Chosen, hadithi ya televisheni kuhusu maisha ya Yesu, waliokusanya zaidi ya dola milioni 10 kutoka kwa watu wa kawaida. Sawa, ni biashara halali, mradi mnunuzi aelewe kwamba filamu yaweza isirudishe hata gharama. Lakini sidhani kwamba wafugaji wa Gujarat wangeipenda Manthan zaidi kama wangepewa cheti cha hisa ya rupia 2. Filamu ile ilipelekwa katika vijiji vya majimbo mengine kuwashawishi wafugaji waanzishe vyama vyao. Hapo ndipo naiona zamu ikishikwa.

Juzi mjukuu wangu, ambaye anasomea mambo ya filamu, alikuja kwangu. Baada ya shikamoo akasema, "Babu, tunachangisha."

"Na mkipata faida?"

Akacheka. "Babu, faida itoke wapi?"

Nikamwambia hilo si jibu. Nimekuwa mwalimu mkuu na nimesimamia michango ya madawati; ukiwachangisha wazazi bila kuwasomea matumizi, mwaka wa pili hawaji, na wana haki ya kutokuja. Nilimtaka aandike kama anaomba mchango au anauza hisa, na siku gani waliotoa watasomewa hesabu. Akaondoka amenuna kidogo.

Kesho yake jioni alinitumia ukurasa mmoja kwa simu. Kuhusu faida waliandika kwamba, ikipatikana, itachangia filamu ya wanachuo watakaowafuata. Nikatoa shilingi elfu hamsini. Hesabu watasoma mwezi wa Desemba, nami nimekwisha kuuliza ni saa ngapi.