Haki ya Kuuguliwa

Muuguzi alikuja mchana na karatasi za ruhusa. Akanieleza dawa za kumeza, akanionyesha namna ya kuamka kitandani bila kukaza tumbo, kisha akauliza: "Leo usiku utalala na nani?"

Sikuwa na jibu.

Nilikuwa na miezi mitano Uingereza, nikisoma shahada ya uzamili. Jumatatu usiku kidole tumbo kilinipeleka hospitali. Jumanne jioni nikafanyiwa upasuaji kwa matundu matatu madogo, na Jumatano mchana nikaambiwa naweza kurudi nyumbani. Usiku mbili tu.

Kwa anayetoka kwetu Kitaji, pale Musoma mjini, na hajawahi kulazwa ughaibuni, yapo ya kutarajia. Utavalishwa mkanda mkononi, na kila anayeleta dawa atakuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, hata kama ndiye aliyekuuliza saa mbili zilizopita. Usikasirike, wanahakikisha dawa ya mwingine haiji kwako. Utaulizwa maumivu yako ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Mimi nilisema tatu, kwa sababu nimelelewa kwamba mgonjwa mzuri halalamiki. Muuguzi akanitazama usoni, akauliza tena. Nikasema nane. Utaletewa kadi uchague chakula. Hutahitaji shuka ya nyumbani, ndoo, wala shangazi mwenye chupa ya uji. Siku ya kutoka nilitafuta dirisha la malipo, sikuliona. Nilikuwa nimelipa zamani, nilipoomba viza: ada ya afya ya mwanafunzi wa kigeni, pauni 776 kwa mwaka.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni daktari. Alivuta kiti, akakaa, akanieleza mimi: atakachokata, uwezekano wa kutoka damu nyingi, uwezekano wa kidonda kuingia wadudu, uwezekano wa kulazimika kupasua zaidi. Kisha akanipa fomu nisaini. Sikuwa nimewahi kuulizwa jambo zito kama lile peke yangu, bila baba wala mjomba chumbani.

Kwenye fomu nyingine kulikuwa na nafasi ya ndugu wa karibu. Niliandika jina la mama na namba yake. "Tumpigie?" wakauliza. Nikasema hapana. Hawakupiga.

Nilijisikia mtu mzima. Nilimkumbuka babu. Nilipokuwa sekondari alipelekwa Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, na daktari akawaita wanawe nje ya mlango. Walikuta ni saratani. Waliporudi ndani wakamwambia ni vidonda vya tumbo. Walimpenda, waliona habari ile itamuua kabla ya ugonjwa. Babu akaacha kahawa, akaacha pilipili, akala ugali wake na samaki wa kuchemsha bila kulalamika, akisubiri vidonda vipone. Alifariki baada ya miezi tisa. Kila nikimfikiria nakumbuka ile kahawa aliyoiacha bure.

Kwa hiyo nilipokuwa nimelala pale nilisema moyoni: hii ndiyo haki. Ugonjwa ni wa mwenye mwili. Aambiwe yeye kwanza, aamue yeye, na wengine wajue akitaka.

Jumatano asubuhi mama akapiga simu ya video. Nikazima kamera, nikasema mtandao unasumbua.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Sikusema uongo, nilikuwa nimekula mkate na supu. Nilikuwa na sababu zangu. Mama ana presha. Hana viza, hana nauli, na hata angekuwa navyo asingewahi kufika. Angefanya nini akiwa Kitaji zaidi ya kukosa usingizi?

Saa chache baadaye ndipo muuguzi akaniuliza nitalala na nani. Mtu aliyepewa dawa ya usingizi, alieleza, asikae peke yake kwa saa 24 za mwanzo. Hospitali iliyonipa shuka, chakula, dawa na siri yangu yote ilikuwa imefika kwenye kitu isichokuwa nacho, na sasa ilikuwa inauliza kama mimi ninacho.

Kiswahili kina neno ambalo sijalipata kwa Kiingereza. Mtu akifa, ndugu zake wamefiwa. Mtu akiugua, ndugu zake wameuguliwa. Ugonjwa ni mmoja, lakini lugha inahesabu watu wawili: anayeugua na anayeuguliwa. Mama kazini kwake Musoma angeweza kusema, "Nimeuguliwa na mwanangu," na kila mtu angejua la kufanya: kumpa pole, kumpunguzia kazi, kukaa naye. Mimi nilikuwa nimeugua, naye ameuguliwa bila kujua. Alikwenda sokoni Jumatano ile akicheka na watu.

Hapo nikamwona babu upya. Nilidhani nimefanya kinyume cha wajomba na baba zangu. Kumbe nilifanya kama wao. Wao waliamua kwamba babu hawezi kubeba habari ya mwili wake. Mimi niliamua kwamba mama hawezi kubeba habari ya mtoto wake.

Na je, angefanya nini? Swali hili Mara tulishalijibu. Mwaka 1999 Mwalimu Nyerere alikwenda London kutibiwa saratani ya damu, akalazwa Hospitali ya St Thomas', akafia huko tarehe 14 Oktoba, akazikwa kwao Butiama tarehe 23. Mama alikuwa binti wakati ule. Anasema watu hawakutoka kwenye redio. Hakuna aliyeweza kumpelekea uji. Lakini ukimuuliza walifanya nini, anasema, "Tulimuuguza kwa redio."

Sitaki kujidanganya kwamba kila siri ya mgonjwa ni kosa. Wapo ambao ndugu wakijua wanachoumwa, wanawatenga au wanawafukuza. Kwao, daktari anayefunga mdomo ni mlinzi. Hospitali ilifanya sawa kunitunzia siri. Lakini ruhusa ya kuficha haikuniambia kama ninapaswa kuficha. Uamuzi wa kupasuliwa ulikuwa wangu, na ninataka uendelee kuwa wangu. Kujua kwamba nimepasuliwa ni kitu kingine, na nadhani mama alikuwa na sehemu yake humo.

Aliyelala nami ni jirani wa chumba cha pili, mwanafunzi kutoka Vietnam, ambaye hadi siku ile tulikuwa tukisalimiana jikoni tu. Alipika uji mwepesi wa mchele na tangawizi, akatandika blanketi sakafuni kama wanavyotandika mikeka ndugu wa wagonjwa kwetu. Usiku niliguna mara mbili, na mara zote mbili aliwasha taa. Wahenga walisema anayelala na mgonjwa ndiye ajuaye miguno yake.

Alhamisi nikampigia mama, kamera ikiwa imewashwa, nikamweleza yote. Alinyamaza sana.

"Siku ile nilikuuliza umekula," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliuliza nani aliniogesha, nani alinipikia, kidonda kina ukubwa gani. Kisha akasema: "Mpe simu huyo mtoto wa watu." Akaongea naye Kiswahili kwa dakika nzima, na yule dada akaitikia kwa kichwa mpaka mwisho.

Usiku ule mama hakulala. Najua, kwa sababu alinipigia saa nane, tena saa kumi, na nilipokea zote.