Mali Bila Daftari

Mtaani kwetu Tabata kuna mke na mume wanaotengeneza programu ya simu. Mtu akitaka unga, mafuta ya kupima au mkaa wa jioni, anaagiza kutoka duka la jirani, analipa kwa simu, na kijana wa bodaboda anamletea mlangoni. Mume ndiye anayeandika programu. Zamani alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya mjini. Mke alikulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, na ndiye anayezungukia maduka na magenge, anayesajili wauzaji na kuwatuliza wanapokorofishana na wateja. Mimi ni mteja wao tangu maduka yakiwa machache, na kwa kuwa mvi zimeshanijaa wananiita baba, wananiletea hata yale wasiyomwambia mwekezaji. Kwa kuwatazama nimeamini jambo ambalo najua halitapendwa na wengi: mke na mume wanaofanya biashara pamoja sharti waandikiane, na waandikiane mapema, wakiwa bado wanacheka.

Walipoanza walidhani kinachomsumbua mnunuzi ni umbali. Mtaa ukawafundisha mengine. Siku moja nilimkuta mke gengeni akivutana na muuza nyanya. Programu ilitaka kujua fungu moja lina nyanya ngapi. Mama wa genge akamwambia, "Mwanangu, fungu ni elfu moja. Nyanya zikijaa sokoni naweka saba, zikiadimika naweka nne. Bei yangu haipandi." Programu haikuwa na nafasi ya bei isiyobadilika na bidhaa inayobadilika kila alfajiri. Ilibidi mume aivunje sehemu ile aijenge upya, ili muuzaji apige picha mafungu ya siku hiyo na mteja aone kwa macho yake anachonunua.

Likaja na suala la deni. Aliyeishi Dar es Salaam analijua daftari lile la kava gumu linalokaa chini ya kaunta, kurasa zimeloa mafuta, majina yameandikwa jinsi mtaa unavyowaita watu: Mama Jemsi, Fundi Bomba, Mjeshi, Dada wa Ghorofani. Robo ya sukari, kipande cha sabuni, vocha ya elfu. Fundi akilipwa, anapita dukani, mstari unapigwa juu ya jina lake na ukurasa unaanza upya. Programu haikuwa na mahali pa mstari huo. Wateja waliagiza mara moja au mbili, wakarudi zao kaunta kwa miguu, maana kaunta inawajua hata siku ambayo mfukoni hamna kitu. Mke alilijua hilo tangu utotoni. Mume alihitaji kulala nalo usiku mzima. Sasa mwenye duka anaweza kumfungulia mteja deni ndani ya simu kwa kiwango anachokiamini mwenyewe, na mteja naye anaona anadaiwa nini na tangu lini. Ugomvi umepungua sana, kwa sababu daftari la zamani lilisomwa na mtu mmoja tu.

Wenye mitaji minene wameshapita njia hii. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Copia, iliyoanza Kenya mwaka 2013 na kuwafikia wateja wa vijijini kwa kupitia mawakala, wengi wao wenye maduka, ilikabidhiwa kwa wasimamizi wa ufilisi Mei 2024. Watu wa umri wangu tunakumbuka mbali zaidi: mwaka 1976 Serikali iliendesha Operesheni Maduka, ikitaka maduka ya watu binafsi vijijini yapishe yale ya ushirika na ya vijiji. Haikudumu. Kila mmoja alianguka kwa sababu zake, lakini duka dogo la jirani lipo bado, linapima mafuta na kukopesha sukari. Vijana hawa walifanya la busara walipoacha kushindana nalo wakaomba kazi kwake.

Ila wao waliokuwa wakiwahubiria wenye maduka habari za uwazi hawakuwa wameandikiana chochote. Mtaji wa kwanza ulikuwa fedha za mke: zamu yake ya mchezo, na mkopo wa VICOBA aliochukua kwa jina lake. Jina la biashara lilisajiliwa BRELA kwa jina la mume, kwa sababu siku ile yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kukaa ajaze fomu. Lipa namba nayo ikawa ya mume. Hakuna aliyekuwa na nia ya kumdhulumu mwenzake. Mambo yalijipanga yenyewe, na yakijipanga yenyewe huwa yanaelekea upande ule ule yalikozoea kuelekea.

Kisha akaja mwekezaji mmoja kuwatazama. Mke ndiye aliyeongea zaidi. Alieleza namna ya kumpata mwenye duka asiyependa simu, kwa nini magenge hayataki oda za usiku, na kwa nini bodaboda huyajua zaidi maelekezo ya "ukifika kwa muuza chapati kata kulia" kuliko namba za nyumba zilizobandikwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022. Mgeni alisikiliza kwa adabu zote. Akamgeukia mume, akauliza, "Na shemeji huwa anakusaidia upande gani?" Mume alicheka kidogo, akarukia swali jingine. Usiku ule mke hakugomba. Alimwuliza tu mumewe: "Mtu akitaka kujua kampuni hii ni ya nani, karatasi zinasemaje?"

Karatasi zilisema ni ya mume. Wakaamua kusajili kampuni yenye hisa kwa majina yao wote wawili, na kuandika makubaliano: nani alitoa nini, nani analipwa nini, itakuwaje mmoja akitaka kutoka, itakuwaje mmoja akifa. Waliniomba niwe shahidi, pamoja na shangazi yake mume, mama wa Korogwe aliyemlea tangu akiwa mdogo. Shangazi alipoelewa alichoitiwa, uso ulimbadilika. "Mke na mume mnaandikiana? Basi mmeshaachana, bado kutangaza."

Simdharau. Alichosema ndicho wanachosema wengi, na kina ukweli ndani yake. Ndoa ya kuhesabiana sahani nani kaosha haifiki mbali. Nani alikesha na mtoto mwenye homa, nani alimeza tusi la mkwe asije akavunja sherehe, hayo hayana safu ya kuyaandika na yasitafutiwe. Lakini biashara ikishaingia nyumbani inaingia na jamaa zake: wadai, kodi, vijana wa bodaboda wanaosubiri malipo ya Jumamosi, na mwisho wa yote warithi. Mimi na shangazi tumekaa misiba mingi, tunajua yanayofuata matanga yakianuliwa. Ukoo unakaa kikao, mtu anauliza mali za marehemu ni zipi, na duka ambalo mjane amelifungua alfajiri miaka yote linaitwa duka la kaka yetu. Si lazima pale pawe na mwizi. Mara nyingi pana watu wasio na mahali pa kuusoma ukweli, na kila mmoja anasema anachokumbuka. Wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakumtoa mke wala mume katika maneno yao.

Kwa kuwa shangazi ni mtu wa dini, nilimkumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ni ya kuwaagiza watu wanaokopeshana kwa muda waandikiane na waweke mashahidi. Nikamkumbusha pia Bi Khadija: kwanza alimkabidhi Mtume bidhaa zake aende nazo Sham, hesabu ikarudi safi na faida juu, ndipo habari za posa zikafuata. Katika ndoa ile hesabu ilitangulia, wala mapenzi hayakupungua.

Mume naye alikuwa na lake la kusikia, na lilitoka kwenye sheria. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinachukulia kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja wa wanandoa ni ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa haki zao ni sawa kwa sawa. Kumbe ile fomu iliyojazwa na mwenye nafasi ilikuwa imeshaamua jambo zito. Ni kweli sheria hiyo hiyo inaiagiza mahakama itazame mchango wa kila mmoja inapogawa mali ya ndoa, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Wanawake wa nchi hii wanaitegemea hukumu ile hadi leo. Lakini ulinzi huo unakuja ndoa ikishavunjika, na anayeudai anaudai mbele ya hakimu. Kalamu ya mezani kwao ni rahisi kuliko hiyo, na inakuja wakati bado ina faida.

Kuandika kulileta na jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Walipoorodhesha kazi zao, mke aligundua kwamba zile saa ambazo mume alionekana "anachezea kompyuta" ndizo zilizokuwa zikirudisha oda zilizopotea kila mtandao ulipokatika. Alikuwa akimnung'unikia kimoyomoyo kwa kutotoka nje. Mume naye hakujua kwamba mwenye duka mmoja kati ya wale wakubwa alishataka kujitoa, na mkewe alimrudisha kwa kwenda kukaa naye dukani siku nzima. Kila mmoja alikuwa akijiona ndiye aliyebeba upande mzito. Wasingeandika, kila mmoja angeendelea kuamini hivyo mpaka siku ya kugombana, na siku hiyo hakuna anayemwamini mwenzake hata akisema kweli.

Basi kwa vijana wanaoanza biashara wawili wawili, nasema hivi: msisubiri ibainike nani hamwamini nani ndipo mtafute karatasi. Siku hiyo kalamu itakuwa mikononi mwa wakili, na kila mstari utakuwa na bei yake. Andikeni mkiwa na njaa pamoja, mtaji ni mdogo na kila mmoja bado yuko tayari kumpa mwenzake zaidi ya haki yake.

Shangazi aliyasikiliza yote bila kujibu. Akaomba miwani, akasoma makubaliano kuanzia juu hadi chini, akauliza kama mtoto wao ametajwa, akaonyeshwa mahali alipotajwa. Akasaini. "Nimesaini," akasema, "ila sijakubali." Nikamwambia inatosha, dada yangu. Karatasi haimdai mtu akubali. Inamdai jina na tarehe.