Kaka Mkubwa Nje ya Mlango



Tusomapo habari ya mwana mpotevu katika Luka sura ya 15, mara nyingi twaishia pale baba anapomkumbatia mwanawe. Bwana wetu hakuishia hapo. Alituonyesha na kaka mkubwa, aliyefanya kazi miaka yote bila kuasi, naye akasimama nje kwa hasira, akakataa kuingia. Sisi walimu tumtazame vizuri mtu huyo, maana twafanana naye.

Novemba 1977, Serikali ilipotaka kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu vijijini huku wakishika chaki. Wenye vyeti waliwacheka, wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Lakini wangapi kati yetu, hapa Nachingwea na kule Ruangwa, walifundishwa kusoma na vijana hao hao!

Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango mwingine: binti aliyeacha shule kwa sababu ya uzazi aruhusiwe kurudi. Waraka umefika shuleni. Je, umefika mioyoni? Twasikia katika ofisi za walimu, na hata nje ya kanisa baada ya Misa, maneno ya yule kaka: huyu atawaharibu wenzake. Mwingine huitwa "mama watoto" mbele ya darasa zima, na kesho yake haji tena.

Mfano wa Bwana haulingani na jambo hili kila mahali. Yule mwana aliondoka kwa hiari yake, na mali mkononi. Binti hawa wengi walidanganywa na watu wazima, ambao msimu wa korosho ukifika na fedha zikiwapo twaketi nao vizuri tu, wala hakuna awaulizaye neno.

Basi tuseme la kazi. Binti akienda shule asubuhi, mtoto abaki na nani? Bibi yuko shambani tangu alfajiri. Na daftari atanunuliwa na nani, ikiwa baba amekwisha kusema hana binti tena? Sisi walimu wastaafu tunao muda wa kumfundisha jioni masomo yaliyompita, hilo twaliweza. La kumshika mtoto twawaomba Umoja wa Akina Mama walizungumze Jumapili ijayo baada ya ibada. Na akina baba wasiondoke.