Ahadi ni Deni

Wahenga walisema ahadi ni deni, nasi walimu huifundisha methali hiyo kila mwaka. Lakini deni lisipolipwa, yule aliyeahidiwa ana wajibu gani?

Mwaka 2009, mjini Copenhagen, viongozi wa nchi tajiri waliahidi kwamba ifikapo 2020 watakuwa wakitoa dola bilioni 100 kila mwaka ili kuzisaidia nchi maskini kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Kwa hesabu za OECD, jumuiya yao wenyewe, kiasi hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Tena sehemu kubwa yake ilikuwa mikopo. Yaani mdeni alilipa kwa kumkopesha mdai wake! Wakati huo barafu ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ilizidi kuyeyuka. Barafu haingoji mikutano.

Basi si ajabu kwamba ilipotolewa ahadi mpya mjini Baku mwaka 2024, ya dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wengi waliguna tu. Je, shaka hiyo ni kosa? Sisi twaona si kosa. Lakini shaka si sawa na kukata tamaa. Mdai mwenye shaka huandika tarehe, huhesabu, hurudi mlangoni kubisha hodi. Aliyekata tamaa hunyamaza, na kimya chake ni msamaha ambao mdeni hakuuomba.

Kwa hiyo methali ile yatupasa kuifundisha pande zote mbili: aliyeahidi ana deni, na aliyeahidiwa ana wajibu wa kudai.