Maandishi Yaliyokataliwa

Kukubaliwa ni tamu kwa kila mwanadamu, na kukataliwa ni chungu. Mkulima ambaye mahindi yake yamerudishwa sokoni huona uchungu, na kijana ambaye posa yake imekataliwa huona uchungu zaidi. Lakini mwandishi ambaye hadithi yake imekataliwa na mhariri wa gazeti hupatwa na shaka ya namna nyingine. Mkulima hajiulizi kama yeye ni mkulima. Mwandishi hujiuliza kama yeye ni mwandishi. Kwa hiyo yafaa tuchunguze swali hili: Mhariri akikataa maandishi, amehukumu nini?

Kwanza tumtendee mhariri haki. Kurasa za gazeti ni chache, na waandishi ni wengi. Kazi yake ni kuchagua, na kuchagua kimoja ni kuacha kingine. Mara nyingi hukataa kwa sababu njema: hadithi haina mwisho, maneno ni mengi kuliko mambo, au mwandishi ameiga wengine hata sauti yake mwenyewe haisikiki. Anayemchukia mhariri wa namna hii ni sawa na mtu avunjaye kioo kwa sababu kimemwonyesha tongo za macho yake.

Lakini mhariri naye ni mtu. Ana mazoea yake, imani yake na hofu zake, na haya huketi pamoja naye mezani asomapo. Mfano mkubwa twaupata Nairobi hapa hapa. Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930 na kusomea uuguzi, alisikia hadithi nyingi za Waluo kwa nyanya yake. Alipopeleka hadithi zake kwa East African Literature Bureau, shirika la vitabu, hazikukubaliwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakuu wa hapo walistaajabu kwamba mwanamke Mkristo aliweza kuandika habari za makafara na uganga.

Miongoni mwa hadithi zake za miaka ile ni ile ya Oganda, binti wa mtawala, aliyeamriwa kutolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Mwaka 1962 Ogot aliisoma mbele ya mkutano wa waandishi huko Makerere, na mwaka 1963 ilichapishwa na Black Orpheus, gazeti la fasihi la Nijeria. Mwaka 1966 riwaya yake, The Promised Land, ilitolewa na East African Publishing House mjini Nairobi. Basi mji uliomfungia mlango mmoja ulimfungulia mwingine.

Tufikiri kama angalitii hofu ya wale wa kwanza, akaondoa kafara katika hadithi zake. Yamkini angalikubaliwa upesi. Lakini kitu gani kingalikubaliwa? Hadithi ya Oganda bila kafara ni ngoma bila ngozi: yaonekana kwa macho, wala hailii.

Tena iko njia nyingine. Mwaka 2003 waandishi wa Nairobi, Binyavanga Wainaina akiwa mbele yao, walianzisha jarida lao wenyewe, Kwani?. Mwaka huo huo Yvonne Adhiambo Owuor alipata Tuzo ya Caine kwa hadithi iliyotolewa na jarida hilo. Wasiopata nafasi katika nyumba ya mtu huweza kujenga ya kwao.

Nami sina budi kukiri kosa langu. Zamani kidogo nilikuwa msimamizi wa gazeti la shule moja katika vitongoji vya magharibi ya Nairobi. Msichana wa kidato cha pili aliniletea hadithi ya baba mmoja wa Kawangware. Kila asubuhi baba yule alikwenda kwa miguu hadi katikati ya mji kutafuta kazi, na kila jioni alirudi mikono mitupu akamwambia mkewe kwamba mshahara utalipwa mwisho wa mwezi. Nilimwambia msichana kwamba gazeti litasomwa na wazazi siku ya sherehe, basi alete jambo la kufurahisha. Akaleta insha juu ya usafi wa mazingira. Haikuwa na kosa hata moja, nami nikaichapa. Tangu siku ile hakuniletea hadithi nyingine.

Nimejiuliza mara nyingi nilisahihisha nini. Hadithi yake haikuwa na ila. Hofu ilikuwa yangu. Niliogopa kwamba katika wazazi wale yuko ambaye angejiona ndani yake. Kumbe huyo ndiye aliyestahili kuisoma.

Basi, kijana msomaji, maandishi yako yakikataliwa, yaweke mwezi mmoja, kisha yasome kama kwamba yameandikwa na mtu mwingine. Jiulize: Je, mhariri ameona upungufu katika kazi yangu, au ameona jambo la kweli asiloweza kulistahimili? Ikiwa ni upungufu, shika kalamu usahihishe bila kinyongo, hata mara kumi. Ikiwa ni kweli, usiiuze. Ipeleke kwa mhariri mwingine. Na kama hujui ni lipi kati ya hayo mawili, msomee mtu mwaminifu asiyekuogopa wala kukuonea wivu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mhariri anaweza kuhukumu kurasa ulizompa siku ile, kwa macho aliyo nayo. Kurasa ambazo hujaziandika hazimo mkononi mwake. Msichana yule hakulijua hilo, na mimi, niliyekuwa mwalimu wake, sikumwambia.