Aliyeondoka Bila Kuaga

Katika itifaki ya websoketi kuna namba ambayo hakuna upande unaoruhusiwa kuituma. Ni 1006. Waraka wa kanuni hizo, RFC 6455 wa Desemba 2011, unataka pande mbili ziagane: mmoja anatuma fremu ya kufunga, mwenzake anajibu kwa fremu ya kufunga, kisha mawasiliano yanakatwa. Anayeondoka kwa kuwa amemaliza kazi hutaja 1000. Anayeondoka kwa kuwa seva inazimwa au ukurasa umefungwa hutaja 1001. Lakini 1006 haisafiri kabisa. Huandikwa na aliyebaki, upande wake mwenyewe, pale mwenzake anapopotea bila kuaga.

Namba hii imenishughulisha kuliko nadharia nyingi za darasani. Katika masomo yangu ya uzamili naandika maktaba ya programu za ujumbe zinazotumia itifaki ya Nostr. Nostr haina makao makuu. Ujumbe husainiwa kwa ufunguo wa mwandishi, kisha hupelekwa kwenye rilei kadhaa, yaani seva ambazo mtu yeyote anaweza kuziendesha. Kwa kila rilei, programu hufungua websoketi yenye matukio manne: kufunguka, kupokea ujumbe, hitilafu na kufungwa. Swali langu ni la kimaadili: muunganisho unapokatika, mtumiaji aambiwe nini?

Mwenzangu maabara anasema asiambiwe kitu. Ana hoja. Simu ya abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro hubadili minara njia nzima. Ukimpigia kengele kila muunganisho unapokatika, unamsumbua kwa jambo ambalo maktaba inaweza kulimaliza yenyewe: isubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na kila mara ibishe hodi upya. Fundi bomba hamuiti mwenye nyumba kila anapokaza nati.

Nakubali hadi hapo. Lakini tuseme abiria huyo amemwandikia kaka yake, "Mama amelazwa, njoo leo," na mawasiliano yakakatika kabla rilei haijatuma jibu lake la OK. Je, ujumbe umefika? Huenda umefika, ila jibu ndilo lililopotea. Huenda haukutoka hata kwenye simu. Kwa upande wetu hali hizo mbili zinafanana kabisa: kimya. Programu ikichora alama ya "umetumwa", inasema isilolijua. Ikiandika "umeshindikana", nayo inasema isilolijua. Na abiria ataitegemea alama hiyo kuamua kama apige simu au atulie.

Tumezoea kudhani kwamba uongo ni kusema kinyume cha ukweli unaoujua. Naona kuna uongo mwingine, wa kujaza kimya kwa neno la uhakika ili mtu asipate wasiwasi. Unatokana na huruma, ndiyo maana ni vigumu kuukemea. Lakini unamnyima mtu nafasi ya kutafuta njia nyingine wakati njia hiyo bado ipo.

Kwa hiyo natenganisha mambo mawili. Taabu ya maktaba ya kukatika na kuunganisha upya ifichwe, kwa sababu ni kazi yetu. Hali ya neno la mtu isifichwe, kwa sababu neno ni lake. Panahitajika majibu matatu: rilei imepokea, rilei imekataa, bado haijajulikana. Jibu la tatu halitoi ruhusa ya kukaa tu. Kitambulisho cha ujumbe wa Nostr hutokana na hesabu ya SHA-256 ya maudhui yake, hivyo kuutuma tena ule ule hakuzai ujumbe wa pili. Wajibu wa asiyejua ni kuuliza tena, na kusema kwamba anauliza.

Namba 1006 inafundisha pia adabu kwa aliyeondoka. Haisemi kwamba ametukimbia wala kwamba ana hila. Huenda umeme umekatika kwake. Aliyebaki anaandika alichokishuhudia tu: hakuaga. Zaidi ya hapo ni dhana, na dhana haifai kuandikwa mahali pa habari.